Mama Olive na Kaske Nyekundu Iliyokwenda Kiwanja

Ijumaa hii, tarehe 31 Januari 2020, saa kumi na moja jioni, Mama Olive Kanyere atalifunga daftari la Maison Akonkwa la permi na kaske, yaani leseni za udereva na kofia ngumu za pikipiki, na Jumatatu hatalifungua tena. Ameitumikia nyumba yetu miaka kumi na sita, miezi minane na siku ishirini na sita. Hesabu hiyo ni yake. Mwandishi wa wasifu huu alikuwa ameandika "karibu miaka kumi na saba", alipomwonyesha ukurasa wa kwanza tu akarudishiwa na kuambiwa aache uvivu.

Kwa wageni wa sherehe ambao leo ndiyo mara yao ya kwanza kuingia katika ua wetu hapa Himbi, mjini Goma: sisi tunakodisha pikipiki kwa watu wanaotoka nje ya nchi. Wengine wanakuja kupanda volkano, wengine kuangalia ziwa, wengine wametumwa na mashirika kwa miezi mitatu na wamechoka kumsubiri dereva. Kwa hiyo kila asubuhi mutu tusiyemjua, aliyezoea barabara za kwao zilizonyooka, anasimama mbele ya meza na kutuomba tumpe chombo kinachoweza kumuua. Kumpa au kumnyima, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Olive.

Hakuanzia hapo. Alizaliwa Butembo, akaja Goma kuuza vitenge, na duka lake dogo la Birere likaenda na lava ya mwaka 2002 likiwa limejaa mali. Tarehe 5 Mei 2003 Papa Akonkwa, mkurugenzi wetu, alimwajiri kufagia ua na kupika chai. Wakati ule nyumba ilikuwa na pikipiki mbili, kaske moja na utaratibu mmoja: mgeni akicheka vizuri, mpe ufunguo.

Mwezi wa nane wa mwaka uleule mgeni mmoja alirudishwa kutoka njia ya Sake amelazwa katika gari la padri, mguu umevunjika, na pikipiki ikaja nyuma yake juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Polisi walipouliza nani aliikagua permi yake, Papa Akonkwa alimtazama katibu, katibu akamtazama makanika, makanika akautazama ukuta. Ndipo Mama Olive, ufagio mkononi, akasema kwamba yeye aliiona ile permi mgeni alipoitoa mfukoni, na ilikuwa na picha ya gari, haikuwa na picha ya pikipiki. Kesho yake alipewa meza na daftari. Ufagio pia aliendelea nao, kwa sababu alisema hakuna mwingine katika nyumba hii anayejua kufagia juu ya mawe ya lava.

Mama Olive hasomi Kiingereza wala Kijerumani, wala yale maandishi ya Wajapani, na alisema hana haja nayo. Kwake permi ni mambo matatu: sura, tarehe, na kile kipikipiki kidogo kilichochorwa. Kama kipikipiki hakipo, mwenye permi ni dereva wa gari, na abaki na gari lake. Wageni walimweleza kwamba wanaendesha tangu utoto, kwamba nchi nyingine zote walizopitia hakuna aliyewauliza kitu, kwamba wao ni marafiki wa balozi fulani. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawamiminia chai. Halafu akawaeleza, kwa Kifaransa chake cha polepole, kwamba bima haimlipi mutu asiye na permi ya pikipiki, na kwamba wakianguka huko Kibumba atakayeitwa kujieleza siyo balozi, ni Mama Olive. Chai ilikuwa nzuri, lakini ufunguo haukutoka.

Kuna bwana mmoja alimletea kadi ngumu, nzuri, yenye picha yake na muhuri unaong'aa. Mama Olive aliigeuza huku na huku, akamkuta mutu amechorwa na mapezi miguuni. Ilikuwa ruhusa ya kuzamia majini. Alimrudishia kwa heshima zote na kumwonyesha kwa kidole upande wa ziwa.

Lakini kwenye kaske ndipo alipokuwa mkali kupita kiasi. Hata uwe nani, ukiivaa alikwambia: "Tingisha kichwa!" Wataalamu wa volkano, masista wawili wa Uhispania, kanali mmoja mstaafu, wote wametingisha vichwa mbele ya meza ile kama watoto wanaokataa uji. Kaske ikicheza, inabadilishwa. Mkanda usipofungwa chini ya kidevu, kazi inaanza upya. Na kwa kuwa watu ni wasahaulifu, ufunguo wa pikipiki haukutolewa mkononi hata siku moja. Aliuweka ndani ya kaske, ili anayetaka kuwasha pikipiki ashike kaske kwanza. Ukichukua abiria, kaske ni mbili, na abiria naye anakuja kutingisha.

Walikuwepo waliokataa kuvaa. Wanawake wenye misuko waliogopa kuiharibu, na wengine waliona kinyaa kuvaa jasho la mutu mwingine. Mama Olive hakubishana nao. Alikwenda kwa washonaji wa Birere, akaokota mabaki ya vitenge, akaanza kushona vikofia vyepesi vya kuvaa ndani ya kaske, kila mgeni na chake, na akiondoka anakwenda nacho kwao. Leo kuna watu Japani na Ureno wanaolala na vikofia vya Mama Olive wakati wa baridi, wametuandikia wenyewe. Kaske zenyewe aliziosha kila Jumatano jioni na kuzianika kwenye kamba ya nguo, na asubuhi ya Alhamisi ua wetu ulionekana kama umezaa vichwa.

Halafu kuna bustani. Mnaoketi karibu na ukuta mnaiona. Ardhi ya Himbi ni jiwe. Ukitaka kupanda kitunguu lazima kwanza ukitafutie pa kukaa. Na kanuni ya Mama Olive inasema kaske iliyoanguka na kichwa ndani yake, hata kama kwa nje inang'aa, haipandi tena pikipiki, maana nguvu yake imekwisha kutumika. Kuitupa aliona uchungu. Kwa hiyo kaske zote zilizostaafu kabla yake zimetobolewa matundu, zikajazwa udongo, zikapandwa seleri, pilipili na vitunguu vya majani. Ziko thelathini na saba, zimepangwa mistari mitatu. Supu mtakayokunywa leo imetoka humo.

Katika miaka yote hiyo nyumba imekodisha pikipiki zaidi ya mara elfu tisa. Waliovunjika mkono wapo, walioacha ngozi ya goti kwenye changarawe ya Munigi ni wengi. Kichwa hakijavunjika hata kimoja.

Sasa tufike kwenye faili. Mnajua desturi yetu: siku ya kumuaga mfanyakazi, faili lake linasomwa lote mbele ya watu, zuri na baya, bila kuruka karatasi. Faili la Mama Olive lina barua tisa za pongezi na barua moja ya lawama, ya tarehe 21 Juni 2011, inayosema kwamba kwa uzembe wake alimpa mgeni kaske mbovu. Barua hiyo ilikuwa isomwe leo jioni mbele yenu, mbele ya watoto wake na mbele ya padri wa parokia yake. Kwa sababu hiyo ninaomba niache kujificha nyuma ya "mwandishi wa wasifu huu". Ninaitwa Exaucée Nshobole, ninapokea wageni na simu katika nyumba hii, na kosa lililoandikwa katika barua ile ni langu.

Juni 2011 nilikuwa katika mwezi wa pili wa majaribio, nimetoka Bukavu na sanduku moja. Majaribio ni miezi mitatu. Ukiharibu, unarudi kwenu na hakuna wa kumlilia. Asubuhi ya Alhamisi tarehe 16, Papa Akonkwa alikuwa safarini na Mama Olive alikuwa amekwenda ofisi ya bima. Saa mbili akaingia Carlos, Mreno mrefu mwenye furaha nyingi, aliyekuwa ameagiza pikipiki kwa simu tangu juzi yake. Alitaka kwenda Rutshuru mpaka Kiwanja, kuona soko. Nilipaswa kumwambia akae asubiri. Lakini nilitaka Mama Olive arudi akute kazi imekwisha, aseme mwenyewe, ona huyu mutoto, anajua.

Permi niliikagua vizuri, nalisema bila aibu. Sura ilikuwa yake, tarehe ilikuwa bado haijapita, kipikipiki kilichorwa, na kile kijitabu cha tafsiri cha kimataifa kilikuwepo. Nikamzungusha kwenye mapipa mawili ya ua, yale ya kumpima mgeni kama anajua kuendesha, akaendesha kama mwenyeji. Nikaenda kwenye kamba. Kaske zilikuwa zimeoshwa jana yake, karibu zote bado zinadondosha maji, isipokuwa moja nyekundu, nzuri, ya mwisho kabisa, ambayo ilikuwa kavu. Nikaichukua hiyo. Nikaweka kikofia, nikaweka ufunguo ndani, Carlos akavaa, akafunga mkanda, akatingisha kichwa. Haikucheza. Katika daftari, kwenye safu ya aliyekagua, sikuandika kitu, kwa sababu aliye kwenye majaribio haruhusiwi kusaini. Carlos akapiga honi mara mbili akaenda zake.

Ile nyekundu ilikuwa kavu kwa sababu ilitundikwa pale tangu Jumatatu. Wiki moja kabla, mgeni mwingine alianguka nayo Munigi. Kichwa chake kilipona, kaske ikapata ufa chini ya rangi, na Mama Olive alikwisha kuitengea mbegu za seleri. Ilikuwa inangoja matundu tu.

Alirudi saa tatu na nusu. Nikamkimbilia na habari yangu nzuri. Hakulitazama daftari, alitazama kamba, akaniuliza ile nyekundu iko wapi. Nikamjibu, bado ninatabasamu. Sijawahi kuuona uso wa mutu ukibadilika vile. Tukapiga simu ya Carlos, nayo ikalia juu ya meza yangu: aliiacha kwenye chaji. Nikakaa chini kwenye ngazi.

Sasa muelewe jambo moja. Mama Olive, mwenye mamlaka yote juu ya pikipiki za nyumba hii, alikuwa hajapanda pikipiki hata siku moja. Alikuja kazini kwa miguu kutoka Katindo, kuwe na mvua, kuwe na vumbi, na mtu akimwuliza alisema anawafahamu mno wanaopanda. Lakini minibasi ya Rutshuru ingengoja kujaa mpaka saa tano. Akachukua kaske mbili kwenye kamba, mbichi vilevile, akatoka barabarani akamsimamisha motari, dereva wa pikipiki ya abiria.

Motari yule ni Dieudonné, ambaye leo ni makanika wetu, na yaliyobaki ya safari ile nimeyasikia kwake. Kaske yake alikuwa ameivaa kama motari wengi wa Goma, yaani kwenye kiwiko. Kabla ya kusema anakwenda wapi, Mama Olive aliitoa kwenye kiwiko, akamvisha kichwani, akamwamuru atingishe. Halafu akavaa yake, na ile ya tatu akaifunga mgongoni kwa kitenge kama anayebeba mutoto mchanga. Ndipo akapanda, akafumba macho, akasema Rutshuru, na haraka.

Dieudonné anasema kuanzia Munigi mpaka Kibumba Mama Olive alisali rozari kwa sauti, na kila walipoingia shimoni alirudia Salamu Maria kutoka mwanzo, kwa hiyo hawakufika mbali katika rozari. Alimshika mkanda wa suruali mpaka ukakatika. Kibumba waliwauliza wauza viazi, wakaambiwa mzungu amepita, anakimbia. Rugari wakaambiwa amepita, anaimba. Kila mara Mama Olive alisema asante Mungu, na kila baada ya kona alifumbua macho na kuangalia mtaroni kama kuna kitu chekundu. Walipofika Rutshuru alitaka wapite hospitali kwanza. Aliingia peke yake. Dieudonné alibaki nje, kaske kichwani, anaogopa kuivua, mpaka alipomwona anatoka mbio, kitenge kinaburuzika, anapiga kelele kwamba hayumo, twende, hayumo!

Walimkuta Kiwanja, sokoni, saa saba kasoro robo. Alikuwa ameketi juu ya gunia la maharage katikati ya wamama wauza matunda, mzima, amekuwa mwekundu kwa jua, anakula matunda ya marakuja. Kaske ilikuwa mapajani, imejaa marakuja mpaka juu, kwa sababu hakuwa na mfuko. Mama Olive alimwendea moja kwa moja. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, kama anayechagua kabichi, halafu akakaa palepale vumbini akalia machozi. Carlos, maskini, alifikiri ameegesha pikipiki mahali pabaya, akaanza kuomba msamaha.

Alipopata nguvu aliyamwaga marakuja kwenye kitenge, akaishika kaske nyekundu kwa viganja viwili, akaibana kidogo tu, kama unavyobana mkate kujua kama ni wa leo. Ufa ukafunguka kutoka paji la uso mpaka kisogoni. Wamama wote walisema Yesu! kwa pamoja. Carlos alijishika kichwa na kukipapasa kana kwamba anakihesabu.

Mama Olive akafungua mgongo, akatoa ile kaske nzuri, ambayo kwa upepo wa njia ilikuwa imekauka, akamvisha na kumfunga mkanda mwenyewe. Soko zima likawa limekwisha kuelewa kazi yake. Wauza matunda, wauza chumvi, mpaka watu wa mizani, wote wakampigia Carlos kelele: tingisha! Akatingisha. Haikucheza, na watu wakashangilia kama timu yao imefunga bao.

Kurudi, alimshukuru Dieudonné kwa moyo wote na kupanda minibasi.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi tangu asubuhi. Sikula, sikunywa, sanduku langu nilikwisha kulifunga. Saa kumi na nusu akaingia langoni, mweupe kwa vumbi kama mutu wa unga, na ile kaske nyekundu mkononi ikiwa na kitu ndani. Niliyoyafikiri ninyi mnayajua, nikaanza kupiga mayowe. Akanifokea ninyamaze, ni marakuja, mzungu ni mzima. Jamani! Nimeolewa, nimezaa mara mbili, lakini raha kama ya neno lile, "ni mzima", sijaipata tena.

Hakunisema. Aliniambia nipanguse uso, nikapokee simu, maana ilikuwa inalia. Kisha akawasha makaa kwenye mbabula, akapasha msumari, akaitoboa kaske matundu matano mbele ya macho yangu, moja baada ya moja, na moshi wake ukanichoma macho. Kuanzia siku ile, katika nyumba hii, kaske iliyokufa inatobolewa saa ileile, kabla hata ya kuoshwa. Alipomaliza alilifungua daftari, akaona safu tupu, akasaini jina lake.

Sifa ndizo zilizomponza. Jumamosi Carlos alirudisha pikipiki na kuandika katika kitabu cha wageni ukurasa mzima wa shukrani, kwa Kifaransa kizuri sana, kwamba hajawahi kuona nyumba ambayo mama mtu mzima anamkimbiza mteja hadi Kiwanja kumbadilishia kaske yenye ufa. Papa Akonkwa aliporudi Jumatatu aliusoma ukurasa ule. Alifurahi kwa sentensi ya kwanza, akakunja uso kwa ya pili. Akauliza ile yenye ufa ilitokaje. Na hakukosea kuuliza. Kichwa cha mgeni kikivunjika ndani ya kaske tuliyompa sisi kwa mikono yetu, permi nzuri haitusaidii, bima haitusaidii, na nyumba inafungwa. Alilitazama daftari, akakuta saini, na siku hiyohiyo Mama Olive akapewa demande d'explication, ile karatasi ambayo kila mfanyakazi wa Kongo anaijua na kuiogopa: eleza kosa lako kwa maandishi, una saa arobaini na nane.

Hakungoja hata saa moja. Alijibu kwamba kaske ilitoka chini ya saini yake na kosa ni lake. Kesho yake barua ya lawama ikaingia katika faili.

Nilimfuata jikoni nikamwambia ninakwenda kwa Papa Akonkwa kusema kweli. Akanikalisha. Akasema kosa la kutotoboa kaske lilikuwa lake kweli, kwa hiyo hakudanganya sana. Akasema permi ya yule Mreno niliisoma kuliko hata yeye, na mutu anayejua kusoma permi vile hawezi kurudishwa Bukavu kwa sababu ya chungu cha seleri. Halafu akaniapisha: nisiseme neno maadamu yeye ni mfanyakazi wa nyumba hii. Niliapa, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na mbili na niliitaka kazi. Nimeshika kiapo kile miaka minane na nusu, Mama Olive, na kila Desemba katibu alipopanga mafaili nilitoka nje nikajifanya ninamwagilia bustani.

Leo saa kumi na moja hutakuwa tena mfanyakazi wa nyumba hii. Programu ya sherehe yenye wasifu huu inagawiwa saa kumi na moja na dakika tano. Nimehesabu vizuri safari hii.

Jumatano jioni nilimpelekea Papa Akonkwa rasimu ya wasifu huu. Alisoma mbele yangu, mimi nimesimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akarudia kusoma ile sehemu ya Kiwanja. Akaomba faili, akaitoa ile barua ya tarehe 21 Juni kwa mkono wake mwenyewe na kunikabidhi. Kisha akavuta karatasi safi, akaandika, akapiga muhuri: demande d'explication, kwa jina langu, saa arobaini na nane. Sijawahi kupokea barua ya kazi kwa furaha namna ile. Nilitoka nayo ofisini nikiicheka, Dieudonné akafikiri nimepandishwa cheo.

Saa zangu arobaini na nane zinakwisha leo saa kumi na moja, Papa, na jibu langu ndilo hili ambalo watu wote wanalisoma. Daftari la permi na kaske lilikuwa lije kwangu Jumatatu. Kama baada ya jibu hili utaona lisije, nitaendelea na simu zangu, na usiku nitalala usingizi.

Kwako Mama Olive, kwa niaba ya wote wa Maison Akonkwa: asante. Asante kwa chai, kwa vikofia, kwa seleri, kwa vichwa vyote vilivyorudi kwao vikiwa vizima, na kwa changu ambacho hukukiacha kipotee. Unarudi Butembo, kwenye udongo laini ambao hauhitaji kupandiwa ndani ya kaske. Mungu akupe afya, akupe mvua kwa wakati, akupe wajukuu wanaosikia wakiambiwa mara moja. Uishi vizuri, mama yetu, na siku nyingi.

Zawadi yetu ni kaske mpya, kwa sababu tunajua kule utapanda pikipiki hata ukikataa leo. Ndani tumeweka kikofia cha kitenge; nimekishona mimi, utavumilia mishono. Na mahali pa ufunguo kuna ile barua. Hakuna nakala nyingine. Washa nayo mbabula, utoboe kitu.

Lakini kwanza vaa, mbele ya watu wote, utingishe kichwa.